Jogoo Aliyemkomboa Mbwa

Narendra aliweka chupa ya vidonge juu ya kaunta, kati ya boksi la spoku na boksi la minyororo ya baiskeli, akaigeuza ili maandishi yamwelekee Sajenti Tekla Ngassa.

"Kimoja saa kumi na mbili asubuhi, kimoja saa kumi na mbili jioni," alisema. "Mara ya mwisho nilimpa mwenyewe, Ijumaa asubuhi. Leo Jumapili. Hesabu, afande."

Tekla alihesabu. Vidonge vinne havikutoka kwenye chupa hiyo.

"Asipomeza?"

"Kifafa kinarudi. Daktari wa mifugo alisema kwanza kinakuja kimoja, halafu vinafuatana. Kimoja hakijaisha, kingine kimeshika. Mbwa ana miaka kumi na miwili. Kesho sijui kama ataiona."

Jana yake kituoni walicheka sana Narendra alipofika kuripoti mbwa na kuchukua RB. Koplo wa zamu alibweka. Mkuu wa upelelezi alisaini jalada huku anafuta macho, akalisukuma upande wa Tekla. "Wewe ni mama wa watoto wanne," alisema. "Kutafuta vilivyopotea nyumbani ni fani yako." Tekla alilichukua, akaandika jina lake juu. Mzee wa miaka sabini na miwili, tena mfanyabiashara wa Mtendeni, hafungi duka Jumamosi kwa mzaha.

"Mwenye mbwa ni nani?"

"Silasi Kashindye, wa Kwihara. Dereva wa treni, mstaafu. Jumatano mchana alianguka uani kwake, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Ijumaa tukamzika."

"Na wewe ni nani yake?"

Narendra alielekeza kidevu kwenye viti viwili vya mbao vilivyowekwa mlangoni, kimoja kikiwa na mto uliochakaa. "Mtu wake wa chai. Saa kumi, kila siku, tangu astaafu, miaka kumi na mitano."

Alitoa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na kurasa saba zilizoandikwa kwa mkono, herufi kubwa, mistari imenyooka. Ukurasa wa kwanza, ule Narendra aliousomea wafiwa Ijumaa, ulisema: *Ikitokea nimekufa, au nimelazwa, au nimepooza siwezi kusema. Mlezi wa mbwa wangu Breki ni Narendra wa duka la baiskeli, Mtendeni. Nimemwomba, amekubali. Breki asihamishwe kabla sijazikwa. Anione nikitoka.*

"Zilizobaki?"

"Chakula chake. Dawa. Vitu anavyoogopa. Nani wa kumpigia simu. Ukurasa wa dawa aliunakili mara ya pili, akaupigilia misumari ndani ya kabati la jikoni kwake, ili yeyote atakayetangulia kufika auone." Narendra alikunja mikono. "Nilimcheka. Nikamwambia, Silasi, hata watoto hawaachiwi maelezo hivi. Akasema watoto wanaweza kuuliza."

"Na mbwa alichukuliwaje?"

"Hapo ndipo sielewi, afande. Alichukuliwa mbele ya watu mia mbili, na wote walikuwa wanacheka."

* * *

Nyumba ya marehemu ilikuwa ya tofali za kuchoma, mita chache kutoka njia inayokwenda kwenye tembe la makumbusho. Turubai la msiba lilikuwa bado limefungwa. Chini yake alikaa mzee mmoja mwembamba mwenye kofia ya reli, anakoroga uji uliopoa.

"Huyo Deus," Narendra alisema kwa sauti ndogo. "Alikuwa msaidizi wa Silasi kwenye injini. Hanipendi."

"Shikamoo, mzee," Tekla alisema.

"Marahaba. Umemfuata mbwa au umemsindikiza Mhindi?"

"Nimemfuata mbwa."

"Basi umekosea nyumba. Mbwa alichukuliwa na mtani."

Tekla alimtaka aeleze, naye akaeleza kwa uvivu wa mtu anayerudia jambo lililo wazi. Baada ya kutoka makaburini, Nikolaus mwenye bucha, Mgogo, mtani wa Wanyamwezi, alifungua kamba ya Breki pale kwenye mwembe, akatangaza kwamba mbwa sasa ni wake mpaka wafiwa wamkomboe. Akaondoka naye. Watu wakacheka, kama inavyopasa msibani. Kila mmoja akajua kuna mwenzake atakayemkomboa.

"Na hakuna aliyeuliza tena?"

"Mtani akichukua kitu, unauliza nini? Kesho yake kinarudi."

"Lakini mzee Narendra alikuwa na dawa ya mbwa."

"Angelisema mapema." Deus alikoroga uji. "Au hayo nayo hayakuandikwa?"

Jikoni Tekla alilikuta kabati la mbao lililofungwa kwa msumari uliopindwa. Alilifungua. Ndani ya mlango misumari minne midogo ilikuwa imebana pembe nne za karatasi. Karatasi yenyewe haikuwepo. Imevutwa kwa nguvu, na haikuvutwa zamani. Mipasuko ilikuwa bado myeupe. Kwenye rafu kulikuwa na kopo la majani ya chai lenye neno DAWA. Tupu.

"Lilitakiwa kuwa na vingapi?"

Narendra hakufikiri. "Vitatu. Kila Alhamisi nilimpa vya wiki nzima, kumi na vinne, vya kuanzia Ijumaa asubuhi. Mpaka Jumatano asubuhi alikuwa ametumia kumi na kimoja. Kuanzia jioni ile nikawa natoa kwenye chupa yangu."

"Una hakika?"

"Afande, nauza skrubu mojamoja."

Tekla alilirudisha kopo mahali pake. "Basi kuna habari njema na mbaya. Mtu anayetaka mbwa afe habebi dawa yake pamoja na karatasi ya maelezo. Aliyemchukua anamtunza. Alikuwa na kidonge cha Ijumaa jioni, cha jana asubuhi na cha jana jioni."

"Na cha leo?"

"Cha leo hana."

Narendra alitazama saa yake ya mkononi, kisha akaiweka ile chupa ndani ya mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

Tekla alirudi chini ya turubai, akavuta kiti. "Mzee Deus, karatasi iliposomwa Ijumaa ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Aliisoma huyu." Hakumtazama Narendra. "Miaka thelathini nimekaa na Silasi kwenye injini moja. Tumekula sufuria moja Kigoma, Mpanda, Dodoma. Mbwa yule nimemfundisha mimi kukaa na kungoja. Halafu anasimama muuza baiskeli na kusoma jina lake mwenyewe."

"Silasi alikupa sababu?"

"Eti pombe ya wanzuki. Eti mtu wa wanzuki hajui saa kumi na mbili ya asubuhi na ya jioni." Aliinua uji, akaushusha. "Yeye alikuwa anakunywa wapi? Kwa nani?"

"Nani mwingine alikasirika?"

"Kwa nini watu wakasirike? Mbwa ni mbwa tu," Deus alisema. Aliukoroga uji kwa nguvu, ukamwagika kwenye goti.

* * *

Nikolaus alikuwa anakata mbavu za mbuzi na hakuacha kukata.

"Ngassa," alisema alipotajiwa jina. "Msukuma amekuja kumtafutia Mnyamwezi mbwa. Dunia imekwisha."

"Uko naye?"

"Ningekuwa naye ungemsikia anakoroma. Babu zao walipita kwetu Ugogo na mizigo ya pembe, wakanywa maji ya visima vyetu, wakakimbia bila kulipa. Mimi nikachukua mbwa mmoja. Nilikuwa nataka jogoo tu, na watu wacheke. Silasi alipenda kucheka."

"Nani alikuja kumkomboa?"

"Wa kwanza Deus, saa tisa mchana. Na tetea wa kienyeji, mzuri, mwekundu. Nilimfukuza."

"Kwa nini?"

Nikolaus aliweka panga chini kwa mara ya kwanza. "Dada, Deus si mfiwa. Rafiki halipii. Anayekomboa kitu kwa mtani ni mwenye damu ya marehemu. Nikipokea tetea wa rafiki nimekula bure, na utani wangu umekuwa wizi."

"Deus alisemaje?"

"Alisema ningejuta. Mzee wa watu, alilia kidogo. Akaondoka na tetea wake kwapani."

"Halafu?"

"Saa kumi nilikwenda kufunga bucha. Kurudi nyumbani, mbwa hayupo. Mahali nilipomfunga, kwenye kigingi hichohicho, amefungwa jogoo. Nikasema, sawa, amekombolewa. Wamechelea kunikuta ndani nikawatania." Alinyanyua panga tena. "Ila nilitukanwa. Jogoo mwenyewe mweupe, wa kisasa. Wa kuku wa nyama. Hajui hata kuwika. Nani amewahi kukomboa kitu kwa kuku wa kisasa tangu nizaliwe?"

"Ulimla?"

"Nilimla. Nyama yake kama pamba."

Tekla alirudi kwenye gari. Narendra alikuwa ndani, mkono kifuani juu ya chupa.

"Deus alikataliwa mchana," Tekla alimwambia. "Mtu aliyekataliwa mlangoni anaweza kurudi kwa nyuma mwenye nyumba akiwa hayupo. Akaacha kuku, asionekane mwizi."

"Yuko palepale anakunywa uji. Angemficha wapi?"

"Ndiyo tukamwulize."

Nyumba ya Deus ilikuwa ya tatu kutoka kwa Silasi. Kuku saba walizunguka uani, na tetea mwekundu alikuwa miongoni mwao. Tekla aliwatazama wote mmoja mmoja. Wote wa kienyeji. Deus mwenyewe aliwafuata wageni wake nyuma akichechemea, mkono mmoja umebana kiuno.

"Tafuta," Deus alisema. "Ingia mpaka chini ya kitanda. Ningekuwa naye ningemficha? Ningemtembeza barabarani mchana, Mhindi amwone."

Tekla aliamini hivyo. Alikuwa ametumia miaka kumi na saba kusikiliza waongo, na waongo hawajitafutii aibu kubwa kuliko waliyonayo.

"Kuku weupe hapa kijijini anafuga nani?"

"Wa kisasa? Hakuna. Umeme wenyewe huu wa kubahatisha, vifaranga utawapasha joto na nini. Weupe walikuja na msiba. Alileta Suzana, kumi na watano, kwenye tenga. Anafuga kule Igalula, mradi wake wa pembeni. Ni mwalimu."

"Suzana ni nani?"

"Mtoto wa Silasi. Wa pekee."

Tekla alimgeukia Narendra. "Hukuniambia ana mtoto."

"Hukuuliza wafiwa, afande. Uliuliza mbwa." Narendra alionekana mwenye aibu. "Na hawakuwa wanaonana. Silasi alinionyesha picha yake mara moja tu."

"Karatasi iliposomwa, Suzana alifanya nini?" Tekla alimwuliza Deus.

"Alikaa mpaka jina likatajwa. Halafu akanyanyuka, akaenda jikoni."

"Jikoni kwenye kabati."

"Jikoni kwenye masufuria. Wanawake walikuwa wanapika."

"Akaondoka lini?"

"Jioni ileile, kwenye saa kumi na moja na nusu. Hakungoja hata kuanua matanga. Alikodi pikapu. Ndiyo nilivyoumia mgongo huu." Deus alikunja uso. "Lile tenga lake la kuku lilikuwa jikoni nyuma, limefunikwa kitenge. Mimi na dereva tukalinyanyua pamoja. Zito kama jiwe la reli."

"Kuku walikuwa wamekwisha?"

"Nilijua tumewala wote kwenye pilau."

"Basi tenga lilikuwa tupu."

Deus alivua kofia ya reli. "Nilidhani amebeba masufuria ya baba yake," alisema taratibu. "Nikasema ni haki yake, nisimwaibishe mtoto wa watu."

"Masufuria hayakulia?"

"Hayakulia."

Tekla alikuwa ameshafika kwenye gari. Alimwomba Narendra ile bahasha, akaufungua ukurasa wa tatu, ule ulionakiliwa na kupigiliwa kwenye kabati. Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Ndani ya kipande cha matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kipakwe asali, hatatema. Kidonge humlegeza, atalala. Akianguka, usimshike mdomo. Ondoa viti, weka mto, angalia saa. Mstari wa mwisho chini kabisa ya ukurasa ulisema: *Suzana asipewe mbwa huyu.*

"Hiki ndicho alichosoma," Tekla alisema. "Kwenye kabati hapakuwa na ukurasa mwingine?"

"Huo tu."

Aliufungua wa nne. Aliusoma mara mbili. Kisha akaurudisha kwenye bahasha, akawasha gari.

* * *

Nyumba za walimu Igalula zilikuwa zinatazamana na reli. Kwenye kibaraza cha nyumba ya pili tenga lilikuwa limewekwa wima ukutani, na nywele za kahawia zimenasa kwenye fito zake. Nyuma ya nyumba kuku wengi walikuwa wanalia pamoja. Mlango ulikuwa wazi.

Tekla alibisha hodi huku ameshaingia.

Meza na viti vilikuwa vimesukumwa ukutani. Katikati ya sakafu mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa gauni jeusi la msiba, alikuwa amepiga magoti. Mbele yake mbwa wa kahawia mwenye mvi puani alikuwa amelala ubavu, miguu yake yote minne inapiga hewa kama anakimbia, povu mdomoni. Kichwa chake kilikuwa juu ya mto. Mwanamke hakumshika. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani.

"Dakika moja na sekunde arobaini," alisema bila kugeuka. "Ni cha tatu tangu asubuhi. Msisogee."

Hawakusogea. Chini ya saa ile kulikuwa na karatasi iliyopigiliwa kwa pini nne mpya, pembe zake zimechanika. Juu ya stuli kulikuwa na kisosi chenye kipande cha matobolwa kilichopakwa asali, kimepasuliwa katikati. Hakikuwa na kitu ndani.

Miguu ilipunguza mwendo, ikasimama. Mbwa alivuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo. Mwanamke alimfuta mdomo kwa upindo wa kanga.

"Dakika mbili na kumi," alisema, ndipo akageuka, akamwona Narendra. Uso ukabadilika. "Ameletwa na polisi kabisa. Mhindi wa baba."

"Mwalimu Suzana, mimi ni Sajenti Tekla, upelelezi Tabora. Umemchukua mbwa huyu kwa Nikolaus?"

"Nimemkomboa. Nimeacha jogoo. Kamwulize."

"Nimemwuliza. Amesema nyama yake kama pamba."

Narendra alikuwa amefungua kifungo cha mfuko na kupiga hatua moja. Suzana aliweka mkono wake kati yake na mbwa.

"Usimguse."

"Binti, ana masaa ishirini bila..."

"Najua ana masaa mangapi. Nimehesabu mimi, si wewe. Maduka mawili ya dawa nimezunguka leo asubuhi, wanataka cheti cha daktari, na cheti unacho wewe. Kila kitu cha baba unacho wewe. Kiti chake kipo kwako. Chai yake kwako. Sasa na huyu."

"Mwalimu," Tekla alisema, "mtaoneana wivu baadaye. Mbwa ameze kwanza. Nani anajua kumpa?"

Narendra alimimina kidonge kimoja kwenye kiganja, akakinyoosha. Alikinyoosha kwa Suzana.

Suzana alikitazama, akakichukua. Alingoja mbwa anyanyue kichwa mwenyewe. Ilichukua muda. Macho ya mnyama yalizunguka chumba, yakampita Tekla, yakatua kwa Narendra, na mkia ukagonga sakafu mara moja. Suzana aliuona mkia ule. Alikandamiza kidonge ndani ya matobolwa, akakiweka nyuma ya ulimi, akasugua koo kwa vidole viwili mpaka kikashuka.

"Baba yako alikuwa anafanya hivyo," Narendra alisema.

"Karatasi haijasema kusugua koo. Nimebuni." Aliinuka, akafuta mikono. "Unataka maelezo, afande? Andika. Miaka mitatu ya mwisho ya kazi yake, mimi nimeshaanza kufundisha hapa. Treni inasimama pale dakika nne. Baba yuko juu kwenye injini, ananipungia mkono. Dakika nne, hashuki. Nimejifungua watoto wawili kwenye nyumba hii, hakuja. Mbwa alipoanza kuanguka, alimpeleka kwa daktari mpaka Shinyanga, kwa basi, amempakata. Nilisimuliwa na watu waliomwona stendi Nzega." Alielekeza kidole kwenye karatasi ya ukutani. "Halafu amekufa, naenda jikoni kuchota maji, nafungua kabati natafuta kikombe. Jina langu, mwandiko wake. Niliona kwanza jina, nikafurahi. Ndiyo nikasoma lililobaki."

"Ulitaka kumfanya nini mbwa?"

"Kumweka hai. Mwaka mmoja, miwili. Huyu na duka lake wasikie kwamba aliyekatazwa ndiye aliyeweza." Sauti yake ilikuwa imetulia kama ya mtu anayesahihisha madaftari. "Sikujua vidonge vimebaki vitatu tu. Kopo lilikuwa linalia kama limejaa."

Tekla alitoa bahasha, akavuta ukurasa mmoja.

"Ule wa kabatini ni wa tatu," alisema. "Ulinakiliwa peke yake kwa sababu ya dawa. Mstari wa mwisho unaendelea kwenye wa nne, na wa nne haukuwahi kupigiliwa mahali. Soma."

Suzana hakunyoosha mkono. Narendra aliuchukua, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ileile aliyosomea msibani:

"*Nilimwachia mama yake mgonjwa nikaenda na treni. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Alimpa mama yake dawa asubuhi na jioni, wiki tatu, na shule akaenda. Niliporudi kutoka Kigoma, mama yake alikuwa amekwisha kufa, na mtoto amekaa kando ya kitanda anaangalia saa. Simwachii mgonjwa mwingine. Suzana ameuguza vya kutosha.*"

Nje kuku walikuwa bado wanalia. Suzana aliuchukua ukurasa kutoka mkononi mwa Narendra, akausoma mwenyewe kimya, kidole kikifuata mistari.

"Dakika nne zilimtosha kushuka akaniambia," alisema.

Tekla alifungua daftari lake. "Mimi nina jalada la wizi na mlalamikaji yupo hapa. Mali ya marehemu imechukuliwa na mtoto wake wa pekee, baada ya kuikomboa kwa mtani, kwa jogoo wake mwenyewe. Mzee Narendra, nikubalie nisiende kwa mwendesha mashtaka na kitu hiki. Watabweka mpaka nistaafu."

"Andika mbwa amepatikana."

"Naandika. Bado hamjaniambia anakwenda na nani. Sitaki kurudi hapa Jumatano."

Narendra alivuta ukurasa wa saba, wa mwisho, akauweka juu ya stuli kando ya kisosi. Ulikuwa na mistari miwili tu. *Mlezi wa kwanza: Narendra.* Na chini yake: *Mlezi wa pili, wa kwanza akiugua au akifa.* Mbele ya hayo palikuwa na nafasi wazi.

"Nilimwambia ajaze," alisema. "Nina miaka sabini na miwili, na moyo wangu nao unameza vidonge. Akakataa. Akasema nijaze mimi mwenyewe, siku nitakayomwona mtu anayeweza kukaa kando ya mgonjwa bila kumkandamiza." Alichomoa kalamu mfukoni. "Atakwenda na mimi leo, kwa sababu nilimwahidi. Kila Alhamisi nitakutumia vya wiki nzima, ili siku nisipoamka usianze kuzunguka madukani. Na shule ikifungwa, nitamleta hapa."

Suzana aliweka kidole kwenye ile nafasi.

"Wa pili," alisema.

"Wa pili," Narendra alikubali.

"Siku zote mimi ni wa pili."

Suzana aliichukua kalamu. Aliandika jina lake lote, Suzana Silasi Kashindye, kwa mwandiko wa ubaoni, herufi kubwa na mstari ulionyooka, kama ule uliokuwa juu yake. Kisha akaweka tarehe, akamrudishia kalamu, akaenda kibarazani na kuingiza lile tenga ndani.

"Hilo halitakiwi," Tekla alisema. "Atakaa kiti cha nyuma."

"Anaogopa magari. Ukurasa mmoja umesema hivyo, sivyo?" Suzana alimwuliza Narendra.

Narendra alifungua ukurasa wa tano, akasoma, akainua macho juu ya miwani. "Ndiyo."

"Sijausoma. Nilimwona Ijumaa." Alitandika kitenge chini ya tenga, akalitikisa kuhakikisha fito hazitachoma. "Afande, shika upande ule. Akishaingia ni zito, peke yako utaumia mgongo."